Flaubert: Mwandishi aliyewanyima wasomaji mhusika wa kupenda

MNAMO Januari 29, 1857, mwanamume wa umri wa miaka 35, mrefu wa kimo na mwenye masharubu marefu, alifika mbele ya mahakama jijini Paris kujibu mashtaka ya kukiuka maadili ya umma na ya dini. Hakuwa ameiba wala kumjeruhi mtu. Kosa lake lilikuwa kuandika riwaya.

Mshtakiwa huyo, Gustave Flaubert, alikuwa amesimulia kisa cha mke wa tabibu wa mashambani ambaye anamsaliti mumewe, anajitosa katika madeni na hatimaye kujiua kwa sumu. Visa vya wake wasio waaminifu vilikuwa tele katika fasihi ya Ufaransa wakati huo. Kilichowakera watetezi wa maadili ni kwamba mwandishi huyu hakumkemea mwanamke wake. Isitoshe, hakumweka karibu naye mhusika hata mmoja mwadilifu ambaye msomaji angesimama upande wake na kumhukumu Emma Bovary.

Swali lililoulizwa mahakamani siku hiyo lilimwandama Flaubert hadi alipoaga dunia mwaka wa 1880. Je, riwaya yaweza kuwa nzuri ilhali hakuna mtu ndani yake anayependeka? Wasomaji wangali wanaliuliza kila wanapokifunga kitabu kilichoandikwa kwa ustadi mkubwa, nao wamebaki na chuki dhidi ya karibu kila mtu waliyekutana naye humo.

Mwana wa mpasuaji

Flaubert alizaliwa Desemba 12, 1821 mjini Rouen, katika jimbo la Normandy kaskazini mwa Ufaransa. Babake, Achille-Cléophas Flaubert, alikuwa mpasuaji mkuu wa hospitali ya Hôtel-Dieu mjini humo, na familia yake iliishi katika makao yaliyokuwa sehemu ya hospitali hiyo. Gustave na dadake mdogo, Caroline, walizoea kupanda ukutani kwenye mimea iliyotambaa ili wachungulie chumba ambamo baba yao aliwapasua maiti. Mtoto huyo alizoea tangu utotoni kutazama yale ambayo wengine huyafumbia macho.

Kakake, Achille, alifuata nyayo za baba na kuwa mpasuaji. Gustave alipelekwa Paris kusomea sheria, masomo ambayo hayakumvutia hata kidogo, na mwaka wa 1843 alianguka mtihani. Mnamo Januari 1844, akiwa safarini usiku pamoja na kakake karibu na Pont-l'Évêque, alipatwa na kifafa akaanguka ndani ya gari la farasi. Ugonjwa huo ulimwandama maishani, lakini ulimpa pia kile alichokitamani: aliachana na sheria na kurudi nyumbani kuandika.

Babake alikuwa amenunua nyumba Croisset, kando ya Mto Seine, hatua chache kutoka Rouen. Ni humo Flaubert alimoishi karibu maisha yake yote yaliyosalia. Mwaka wa 1846 ulimletea misiba miwili mfululizo. Babake alifariki Januari, na mwezi Machi dadake Caroline akafariki baada ya kujifungua. Gustave na mamake wakabaki na mtoto mchanga wa kike, ambaye naye aliitwa Caroline. Walimlea kama wao.

Flaubert hakuoa. Mwaka huo huo wa 1846 alikutana na mshairi Louise Colet, na uhusiano wao, uliokatikakatika kwa miaka kadhaa, uliacha barua nyingi ambazo leo ndizo dirisha bora la kumwona akifanya kazi.

Ushauri mchungu

Kabla ya kupata umaarufu, Flaubert aliwahi kufedheheka. Mnamo 1849 aliwaita marafiki zake wawili, Louis Bouilhet na Maxime Du Camp, akawasomea kwa sauti mswada wake kuhusu majaribu ya Mtakatifu Antonio, mtawa wa jangwa la Misri. Kazi hiyo ilikuwa imejaa maono, maneno ya fahari na hisia zilizofurika. Usomaji ulichukua siku nne. Ulipokwisha, marafiki hao walimshauri autie motoni na asiuzungumzie tena.

Baada ya pigo hilo alisafiri na Du Camp kuelekea Misri na nchi nyingine za Mashariki ya Kati, akarejea mwaka wa 1851. Mnamo Septemba 19 mwaka huo alianza kazi tofauti kabisa. Mahali pa watakatifu na majangwa, alichagua kijiji cha kawaida cha Normandy, mume mzito wa akili, mke aliyechoshwa na ndoa, mwuza dawa anayependa kujisikia akizungumza na mfanyabiashara mwenye tamaa. Wanahistoria wengi huamini kwamba alikichota kiini cha kisa hicho katika maisha ya Eugène Delamare, tabibu wa kijiji cha Ry aliyewahi kuwa mwanafunzi wa babake Flaubert, na mkewe Delphine aliyefariki mwaka wa 1848.

Usione vyaelea, vimeundwa. Riwaya hiyo ilimchukua takriban miaka mitano. Kuna nyakati alitumia wiki nzima kuandika ukurasa mmoja. Kila sentensi aliipaza kwa sauti chumbani mwake ili sikio lipime uzito wake, na iliyokwaruza aliifuta na kuianza upya. Rasimu zilizohifadhiwa katika maktaba ya mji wa Rouen ni maelfu ya kurasa, ilhali kitabu chenyewe si kirefu.

Barua zake za miaka hiyo zimejaa malalamiko. Alimweleza Louise Colet mara kwa mara jinsi ukavu wa mada yake ulivyomtia kichefuchefu, na jinsi alivyochoka kuishi siku nzima na watu ambao asingependa kukaa nao meza moja. Naam, mwandishi mwenyewe hakuwapenda. Hata hivyo, miaka kadhaa baadaye alimsimulia mwanafalsafa Hippolyte Taine kwamba alipokuwa akiandika jinsi Emma alivyokula sumu, aliisikia ladha ya arseniki mdomoni mwake mwenyewe, akaugua na kutapika chakula. Alikuwa amemchoka mwanamke huyo, lakini hakukubali kumwacha afe peke yake.

Watu wasiopendeka

Ni wahusika gani hao waliozua kesi? Emma Rouault ni binti wa mkulima aliyesomeshwa na watawa na kulewa hadithi za mapenzi tangu usichana. Anaolewa na Charles Bovary, tabibu wa ngazi ya chini asiyekuwa na shahada kamili ya udaktari. Charles anampenda kwa moyo wote, lakini ni mzembe wa fikra. Akishawishiwa kutafuta sifa, anampasua mguu mtumishi wa hoteli aitwaye Hippolyte ili aunyoshe. Mguu unaoza, na daktari mwingine analazimika kuukata.

Emma hamtendei haki mtu yeyote. Anamsukuma bintiye mdogo, Berthe, akaanguka na kujeruhiwa shavu, kisha anamtazama na kushangaa jinsi alivyo na sura mbaya. Anatafuta mapenzi kwa Rodolphe, bwana tajiri aliyemhesabu tangu mwanzo kama mchezo, kisha kwa Léon, karani mwoga. Mfanyabiashara Lheureux anamkopesha vitambaa na mapambo, anamsainisha hati moja baada ya nyingine, hadi siku mali ya nyumba inaponadiwa. Emma anapokwenda kuomba pesa, milango yote imefungwa. Anakula arseniki. Charles anafariki baadaye akiwa ameshazisoma barua za wapenzi wa mkewe. Berthe, mtoto asiye na hatia, anaishia kiwandani akifanya kazi ya pamba ili apate riziki. Anayefaulu katika kisa hiki ni Homais, mwuza dawa mwenye majigambo, ambaye katika mstari wa mwisho anatunukiwa nishani ya heshima ya taifa.

Riwaya ilianza kuchapishwa kwa mfululizo Oktoba 1, 1856 katika jarida la Revue de Paris, ambalo Du Camp alikuwa mmoja wa wahariri wake. Kwa kuogopa serikali ya Mfalme Napoleon III, wahariri walikata baadhi ya sehemu bila kujali hasira ya mwandishi. Kukata huko hakukusaidia kitu. Flaubert, msimamizi wa jarida na mchapishaji wake wote watatu walishtakiwa.

Kesi

Kiongozi wa mashtaka, Ernest Pinard, alikuwa na umri wa miaka 34. Vizazi vilivyofuata vimemcheka, lakini alikuwa msomaji makini kuliko wengi waliomcheka. Alisoma mahakamani vifungu alivyoviona kuwa vya aibu, kisha akafikia hoja iliyokuwa na uzito zaidi. Aliwauliza mahakimu ni nani ndani ya kitabu hicho anayeweza kumhukumu Emma. Si mumewe, ambaye anazidi kumpenda hata baada ya kujua yote. Si kasisi wa kijiji, ambaye Emma alipomwendea na dhiki ya roho alidhani ni tatizo la tumbo. Si Homais. Kwa maoni yake, mwanamke huyo mkosefu ndiye aliyewazidi nguvu wote waliomzunguka, na hilo ndilo lililokuwa hatari.

Wakili Jules Sénard, mwanasiasa aliyewahi kuwa waziri, alijibu kwamba kitabu kinafundisha wema kwa kuonyesha maovu yanakomfikisha mtu. Alisisitiza kuwa msomaji yeyote anayefuata safari ya Emma hadi kitandani alipokata roho hawezi kutamani kumwiga. Mnamo Februari 7, 1857 mahakama iliwaachilia huru washtakiwa wote, ingawa hukumu yenyewe ilimkaripia mwandishi kwa kusahau kwamba fasihi ina mipaka. Kitabu kilipotoka miezi miwili baadaye kiliuzwa kwa kasi, kikiwa kimetabarukiwa kwa Sénard. Flaubert mwenyewe alikuwa ameuza haki zake kwa faranga 800, hivyo faida kubwa ilimwendea mchapishaji Michel Lévy.

Mwezi Agosti mwaka uo huo, Pinard alimshtaki mshairi Charles Baudelaire na mara hii akashinda. Mshairi alitozwa faini na mashairi sita yakaondolewa kitabuni.

Hoja za mawakili hao wawili hazikuisha na kesi hiyo, na wasomaji wa Kiswahili wanazifahamu vyema. Walioanza safari ya fasihi na wahusika wa Shaaban Robert kama Adili na Utubora, ambao majina yao pekee yanatosha kumwonyesha msomaji pa kusimama, walishtuka Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka wa 1971. Riwaya hiyo inasimulia kuhusu msichana aliyelelewa kwa ukali akapotoka na kujiua, na kwa muda iliondolewa shuleni nchini Tanzania. Baadaye ikawa miongoni mwa kazi zinazofunzwa na kuhakikiwa. Ni hofu ile ile ya Pinard: kwamba msomaji akiachwa peke yake na mtu aliyekosa, naye atapotea.

Flaubert hakuamini hivyo. Kwake, mwandishi hana ruhusa ya kujitokeza ukurasani na kumnong'oneza msomaji nani mwema na nani mwovu. Aonyeshe tu, na aonyeshe kwa usahihi kiasi kwamba msomaji hawezi kukana alichokiona. Nyani haoni kundule. Msomaji anayemcheka Emma kwa kununua mapazia asiyoweza kuyalipia ana madeni yake mwenyewe. Anayemdharau Charles kwa upofu wake kuna mambo nyumbani kwake asiyotaka kuyaona. Na yule anayejiona bora kuliko wote kijijini humo amekwisha kuketi kwenye kiti cha Homais bila kujua.

Lawama ya rafiki

Mwaka wa 1862 Flaubert alichapisha Salammbô, riwaya ya kale ya Carthage, iliyopokewa kwa shangwe. Kisha mwaka wa 1869 akatoa L'Éducation sentimentale, kuhusu Frédéric Moreau, kijana mwenye mali na vipawa ambaye anapoteza miaka yake yote akitamani mengi bila kutimiza lolote. Wahakiki waliishambulia, na wengi walimwona Frédéric kuwa mtu asiyestahili kusimuliwa. Leo riwaya hiyo huhesabiwa miongoni mwa kazi kuu za karne ya 19, lakini mwandishi wake hakuishi kuona hayo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya huzuni. Bouilhet alikuwa amefariki mwaka huo wa 1869. Wanajeshi wa Prussia waliikalia nyumba ya Croisset wakati wa vita vya 1870 na 1871. Mamake alifariki mwaka wa 1872. Mnamo 1875, biashara ya mbao ya mume wa Caroline, yule mpwa aliyemlea, ilikaribia kufilisika, na Flaubert akauza shamba lake la Deauville ili kuwaokoa. Mtu aliyeandika kwa ubaridi kuhusu madeni ya Emma alitoa karibu vyote alivyokuwa navyo kulipa madeni ya mpwa wake na mumewe.

Aliyeuona moyo huo vizuri ni mwandishi George Sand, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka 17 na rafiki yake wa dhati. Katika barua zao za mwishoni mwa 1875 na mwanzoni mwa 1876, Sand alimlaumu kwa upole. Alimwona mwandishi mwenye moyo wa huruma ambaye vitabu vyake huwaacha wasomaji na ukiwa. Ilikuwa ni hoja ya Pinard tena, ila mara hii imetoka kwa mtu aliyempenda, na bila tisho la jela.

Flaubert alitetea msimamo wake, lakini lawama hiyo ilimwingia. Mwezi Februari 1876 alianza kuandika hadithi fupi iitwayo Un cœur simple, yaani moyo mnyofu, akikusudia kumpendeza Sand. Ili asikosee hata unyoya, aliazima kasuku aliyekaushwa kutoka makavazi ya Rouen akamweka mezani. Lakini Sand alifariki Juni 8, 1876, kabla hadithi haijakamilika. Flaubert alisafiri hadi Nohant kwa mazishi yake na kulia hadharani. Baadaye alimweleza mwanawe Sand kwamba hadithi hiyo ameianza kwa ajili ya mamake pekee.

Hadithi hiyo, iliyochapishwa mwaka wa 1877 katika mkusanyiko wa Trois contes, inamhusu Félicité, mtumishi wa nyumbani ambaye kwa nusu karne anamtumikia bibi mmoja mgumu kwa faranga 100 kwa mwaka. Anawapenda watoto wa mwajiri wake, anampenda mpwa wake baharia, na wote wanamtoka mmoja baada ya mwingine. Anabaki na kasuku, na kasuku naye anakufa. Flaubert hamsifu popote. Anamwonyesha akifua, akipika, akizidi kuwa kiziwi, akifa. Na msomaji hawezi ila kumpenda.

Hapo ndipo anayeirudia Madame Bovary anapogundua jambo lililompita. Katikati ya riwaya hiyo kuna maonyesho ya kilimo ambapo waheshimiwa wanahutubia umati huku Rodolphe akimlaghai Emma kwa maneno matamu. Kikongwe mmoja, Catherine Leroux, anaitwa jukwaani kupokea nishani ya fedha yenye thamani ya faranga 25 kwa kufanya kazi katika shamba moja kwa miaka 54. Mikono yake imekunjamana kwa kazi. Anaogopa kelele, haelewi anachoitiwa, na anapoondoka anawaza kumpa kasisi nishani hiyo ili amwombee. Sherehe inaendelea, naye haonekani tena.

Basi mtu mwema alikuwamo kitabuni tangu mwanzo. Pinard, aliyekisoma kwa makini akitafuta wa kumhukumu Emma, hakumtaja kikongwe huyo. Wala waheshimiwa jukwaani hawakumtazama mara ya pili. Msomaji aliyeshughulika kumchukia Emma au kumhurumia hupita naye vivyo hivyo, kwa sababu dunia ambayo Flaubert aliichora huwapa watu wa namna hiyo ukurasa mmoja tu.

Flaubert alifariki ghafla nyumbani kwake Croisset Mei 8, 1880, akiwa na umri wa miaka 58. Aliacha mezani riwaya ambayo hakuikamilisha, Bouvard et Pécuchet, kuhusu makarani wawili wajinga wanaotaka kuyajua yote. Mwanafunzi wake, Guy de Maupassant, alikuwa ametoka kupata umaarufu wiki chache tu kabla. Nyumba ya Croisset iliuzwa na kubomolewa, kikasalia kibanda kidogo cha bustani kando ya mto.

Pinard alipanda cheo hadi akawa waziri wa masuala ya ndani mwaka wa 1867, lakini leo hukumbukwa zaidi kwa kesi mbili za fasihi. Riwaya aliyoishtaki ingali inasomwa kote duniani, na wangali wapo wanaoikamilisha wakilalamika kwamba hawakumwona humo mtu wa kumpenda. Huenda wanaporudi kwenye ukurasa wa maonyesho ya kilimo, wakamwona kikongwe yule akiondoka na nishani yake.